Kila Baada ya Miezi Mitano

Mwaka wa pili wa kuvipekua vile vitabu ulipokatika, mtafiti alikuwa amelichoka hata jua lenyewe. Vitabu vilikuwa ishirini na sita, vizito kama matofali, majalada yake ya kijani yametafunwa na mende pembeni, na vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja. Ulikuwa mkono wa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyekaa miaka kumi na tisa katika kituo cha kuangalia jua kilichojengwa kilimani nje ya mji. Kazi ya mjomba ilikuwa kukaa nyuma ya darubini yenye kioo chekundu tangu asubuhi mpaka jioni. Kila alipoona mahali padogo kwenye uso wa jua pamewaka ghafla kuliko pengine, aliandika mlipuko umeanza saa ngapi, umekwisha saa ngapi, na ulikuwa mkubwa kiasi gani. Milipuko hiyo ya jua hudumu dakika chache, mara nyingine saa nzima, na ile mikubwa huweza kunyamazisha redio za marubani na mabaharia upande wa dunia ulioko mchana.

Kituo kilifungwa zamani. Mjomba alistaafu akapewa cheti cha maandishi ya dhahabu kilichosema kwamba katika miaka kumi na tisa hakukosa kazini hata siku moja. Kilitundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni, na mtafiti alikua akikitazama kila alipokwenda kusalimia. Ndicho kilichomtia hamu ya kusomea mambo ya jua. Sasa, akiwa na miaka arobaini na moja, Taasisi alikoajiriwa ilimkabidhi vitabu vya mjomba wake aviingize kwenye kompyuta, avilinganishe na karatasi za mashine, kisha aseme kama milipuko ina kalenda yake au inakuja tu inavyojisikia.

Mashine yenyewe ilikuwa redio ya kupokea kelele za jua. Kalamu yake ilichora mstari kwenye karatasi ndefu iliyojizungusha, na saa ikajiandika pembeni. Kwa hiyo mlipuko mmoja ulikuwa na mashahidi wawili, jicho la mjomba na kalamu ya mashine. Saa zao zikilingana, kompyuta ilihesabu mlipuko mmoja. Zisipolingana, ilihesabu miwili. Mruko wa kalamu usio na mwenzake wa ukubwa huo kitabuni siku hiyo uliachwa, kwa kuwa hata radi huirusha kalamu.

Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kumwambia mteja yeyote aliyeulizia mama wa nyumba kwamba yeye alioa mke aliyeshaolewa na jua, na kwamba jua ndilo mume mkubwa. Mtafiti alicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alikuwa hacheki tena.

Ndipo Jumanne moja asubuhi mchoro ukatoka. Milipuko ilikuwa ikiongezeka kwa wiki mbili, kisha inashuka, inatulia, na baada ya siku mia moja hamsini na kitu inapanda tena. Ilifanya hivyo mwaka hadi mwaka. Mtafiti aliutazama mchoro ule mpaka chai yake ikapoa. Wataalamu wa nchi nyingine walishawahi kuona mpigo wa kama miezi mitano, ukajitokeza miaka kadhaa kisha ukayeyuka, na hakuna aliyekuwa na hakika unatoka wapi. Huu wa kwake ulikuwa haujayeyuka kwa miaka kumi na tisa.

Profesa, mkuu wa idara, alipouona alivua miwani akaanza kuifuta, jambo alilofanya kila alipofurahi. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshaandikisha hotuba ya mtafiti katika mkutano mkubwa wa wataalamu wa jua, na kichwa cha hotuba ameshakitunga mwenyewe. Kwenye korido watu waliokuwa wakimpita kama nguzo walianza kumsalimia.

Lakini mtafiti alikuwa mtu wa kurudi nyuma kuhakikisha kama amefunga mlango. Alipozikagua zile wiki mbili za kupanda, moja baada ya nyingine, aliona jambo ambalo halikumpendeza. Palipokuwa na karatasi za mashine, karibu kila mlipuko wa wiki hizo ulikuwa na pacha wake siku hiyohiyo, saa sita mbele au saa sita nyuma. Na hazikuwa saa tano na nusu wala saa saba. Zilikuwa saa sita kamili, kwa dakika.

Profesa alifurahi zaidi. Alisema basi mipigo imekuwa miwili, mmoja wa miezi mitano na mwingine wa saa sita, na kwamba hotuba sasa ina nyama.

"Profesa, jua halina adabu hiyo," mtafiti alimwambia. "Litapigaje saa sita kamili kama kengele ya shule?"

"Wewe ukipewa zawadi unaanza kutafuta palipopasuka," Profesa akajibu, na miwani akairudisha usoni.

Mtafiti akashuka stoo. Hakutaka tena namba za kwenye kompyuta, alitaka ukurasa wenyewe. Alitoa kitabu cha kumi na nne, akafungua wiki mojawapo ya zile za kupanda, akakaa juu ya kasha kwa sababu stoo haikuwa na kiti. Mwandiko ulikuwa wa mjomba, ule ule uliosimama wima. Safu ya saa, safu ya ukubwa, na pembeni nafasi ya maelezo mafupi. Alianza siku chache kabla ya wiki hiyo, akasoma mistari thelathini bila kuona kitu. Kwenye mstari wa thelathini na kitu pameandikwa 8:20, na pembeni yake maneno haya: "Nimeukuta umeshaanza. Nilikuwa nakula chakula cha mchana."

Aliyasoma mara tatu. Ofisi nzima ya serikali ilihesabu saa tangu usiku wa manane, moja mpaka ishirini na nne, na vitabu vya kituo vilikuwa chini ya sheria hiyo. Kwa hesabu hiyo 8:20 ni asubuhi mbichi, watu wanapiga mswaki. Nani anakula chakula cha mchana saa hizo? Ila kama aliyeandika alihesabu kama mama yake mtafiti anavyohesabu, kama mumewe, kama yeye mwenyewe anapomwita mtoto aoge, basi ile ni saa nane na dakika ishirini, mchana wa kweli, na kwenye kitabu ilipaswa kuwa 14:20.

Akainuka na vumbi lake, akapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa fundi wa kompyuta, akamuuliza programu inafanya nini ikikuta saa ya alfajiri kwenye kitabu, mathalani 4:15. Fundi akamjibu bila hata kugeuza kiti kwamba saa hizo jua halijatoka, kwa hiyo aliiambia programu ichukulie mwandishi alikusudia alasiri, iandike 16:15. Alidhani anasaidia.

Mtafiti alishika kichwa. Mlipuko wa saa nne na robo asubuhi, mashine imeuandika 10:15 kama inavyotakiwa, kitabu kimeuandika 4:15, na programu imeusukuma hadi alasiri. Mlipuko mmoja umekuwa miwili. Ndio hao mapacha wa saa sita. Miaka miwili alikuwa anahesabu kitu kimoja mara mbili na kukiita ugunduzi. Lakini palibaki swali lililomkera kuliko hilo. Mjomba alikuwa mtu wa sheria, asiyekosea saa ya ofisi hata kwenye kadi ya mwaliko. Kwa nini kila miezi mitano, kwa wiki mbili, asahau, halafu akumbuke tena?

Jumamosi akaenda kumuuliza. Alimkuta kwenye kiti chake cha mikono, uso kaelekeza dirishani. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi na la kulia lilikuwa na ukungu, uzee, kama familia ilivyozoea kusema. Mkaza mjomba alikuwa kwenye meza ya kulia chakula akipiga pasi mashati. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, na mtafiti akaona hakuna njia ya kulizunguka jambo. Akamsomea ule mstari.

Mjomba alisema ni yeye aliyeuandika.

"Mjomba, wewe ungeandika kumi na nne na ishirini."

"Nilikosea."

"Kila miezi mitano?"

Pasi iliendelea kwenda na kurudi, kisha ikasimama.

"Mwambie mtoto," mkaza mjomba alisema.

"Hakuna cha kumwambia."

Mkaza mjomba aliisimamisha pasi kwa kisigino chake, akachomoa waya ukutani. "Ni mimi," akasema. "Wiki hizo nilikuwa naangalia mimi."

Akaeleza yeye, kwa sababu mumewe alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Mwaka wa pili wa kazi, mjomba aligunduliwa kuwa na presha ya macho. Ofisini sheria ilikuwa wazi kwamba mtazamaji mwenye kasoro ya jicho anaondolewa kwenye darubini na kupelekwa stoo ya vifaa, na mjomba aliona bora afe. Hospitali ya macho ilikuwa mbali, safari ya siku mbili kwenda na mbili kurudi, na daktari alimtaka kila baada ya miezi mitano. Waliishi kwenye nyumba ya kituo, hakuna jirani wala mkubwa wa kazi aliyepanda kilima kile bila kupiga simu kwanza. Mkaza mjomba alikuwa ameshajifunza darubini kwa kumpelekea mumewe chai na kuchungulia. Basi mumewe alipoondoka, alikaa yeye. Aliandika kwa penseli kwenye daftari la shule, na mjomba aliporudi, jicho limefungwa bandeji, alinakili kila kitu kwenye kitabu kikubwa kwa mwandiko wake. Neno kwa neno. Namba kwa namba.

Mtafiti alihisi hasira ikimpanda, na haikuwa na mahali pa kutua. "Ulinakili saa bila kuuliza ni saa gani?"

"Aliangalia saa ya ofisi iliyokuwa ukutani," mjomba alisema.

"Saa ya ukutani ilikuwa ya mishale, mshale ukiwa kwenye mbili sisi tunasoma saa nane," mkaza mjomba alisema. "Nilikwambia naandika saa zetu. Nilikwambia mwanzo kabisa. Ulikuwa husikii kitu siku hizo. Ulikuwa unaogopa upofu na kuogopa ofisi, vyote kwa pamoja."

Mjomba akaongea bila kupandisha sauti. Alimwambia mpwa wake kwamba akiyaandika hayo popote asikanyage tena pale. Mtafiti aliaga. Mkaza mjomba alimsindikiza mpaka nje, akampa mkono.

Jumatatu alimweleza Profesa kuhusu saa, na kuhusu mtazamaji mwingine ambaye hakumtaja ni nani. Profesa alisikiliza, akauma midomo, akatoa amri fupi kwamba azirekebishe saa, amwache huyo mtu alipo, wasonge mbele. Mtafiti akazirekebisha. Mapacha wote wakatoweka. Na ule mpando wa miezi mitano ukashuka, lakini haukuisha. Ulibaki nusu.

"Si unaona?" Profesa alisema, na mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye miwani.

Mtafiti naye alitamani kuamini. Alitembea na matumaini hayo siku mbili nzima, akawa mchangamfu hata nyumbani. Siku ya tatu akaipanga milipuko kwa ukubwa. Ile mikubwa haikuongezeka kabisa katika wiki za mkaza mjomba. Iliyoongezeka ni midogo, ile inayowaka dakika tatu na kuzimika, na ilikuwa karibu mara mbili. Aliiangalia safu ile akajua ni kitu gani, na akaichukia. Jua halikuwa limeongeza chochote. Kwenye kiti alikuwa amekaa mtu mwenye macho mawili mazima. Ile milipuko midogo ilikuwepo wiki zote, ila mjomba, kadiri miaka ilivyokwenda, hakuwa akiiona.

Sasa alitaka kujua wiki za mkaza mjomba ni zipi hasa, ili azitenge kando na kuona kinachobaki. Pale mashine ilipokuwa ikifanya kazi, mapacha walimwonyesha. Lakini miaka saba kati ya kumi na tisa mashine ilikuwa mbovu, hakuna karatasi, hakuna pacha, na kwa kuwa hapakuwa na saa za kulinganisha, vitabu vya miaka hiyo vimeandikwa tarehe na ukubwa tu, kwa mwandiko uleule mmoja. Miaka hiyo alihitaji tarehe za safari, na hizo alikuwa nazo mjomba tu, ambaye sasa alikuwa hapokei simu za mpwa wake.

Alipiga mara sita. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Mama yake mzazi naye alimpigia kumlaumu kwamba amemvunjia heshima kaka yake kwa ajili ya makaratasi. Mtafiti akajaribu kueleza, akasikia maneno yake mwenyewe yanavyopwaya, akaacha alaumiwe mpaka mwisho.

Wiki ya tatu, asubuhi, mlinzi wa getini alipiga simu juu kusema kuna mama mmoja anamuulizia. Alikuwa mkaza mjomba, na mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na kadi za hospitali ya macho.

"Mjomba anajua umezichukua?"

"Anajua. Alijifanya amelala."

Walikaa pamoja mpaka alasiri. Kwa ile miaka saba zilitakiwa kadi kumi na sita, zilikuwepo kumi na moja. Nyingine zililowa mwaka paa la stoo ya nyumbani lilipovuja. Mkaza mjomba alijaribu kukumbuka. Safari moja ilikuwa kabla ya kifungua mimba kuanza shule, nyingine ilikuwa mvua kubwa. Zaidi ya hapo alikataa kusema, kwa sababu hakuwa na hakika, na mtafiti alimheshimu kwa hilo huku moyoni akitamani angebahatisha tu. Kabla hajaondoka, mkaza mjomba alivifunua vile vitabu kwa ncha ya kidole, kurasa ambazo macho yake ndiyo yalizijaza na hakuwahi kuziona zikiwa zimenakiliwa. Aliuliza kama milipuko yake midogo ilikuwa ya kweli. Aliogopa miaka yote kwamba pengine alikuwa anaona maruerue kwa uchovu. Mtafiti alimfungulia karatasi za mashine, akamwonyesha kalamu ilivyoruka palepale alipoandika, moja, mbili, kumi. Mkaza mjomba aliitikia kwa kichwa taratibu, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Kazi ile ilichukua miezi minne. Alipomaliza, mpando wa miezi mitano ulikuwa umebaki kama mkunjo kwenye shuka, katika miaka mitatu tu, ile ambayo jua lilikuwa limechafuka kuliko kawaida. Na katika miaka hiyo mitatu, miwili ilikuwa na kadi zilizokosekana. Inawezekana mkunjo ule ulikuwa wa jua. Inawezekana ulikuwa wa safari za hospitali. Mpigo wa jua na mpigo wa jicho ilikuwa imelala kitanda kimoja, na hakuna hesabu aliyoijua ya kuiamsha mmoja mmoja.

Profesa hakugomba. Alimwondoa tu kwenye orodha ya mkutano, nafasi akampa kijana anayechunguza upepo wa jua, na kwenye korido salamu zikapungua mpaka zikarudi zilipokuwa. Mtafiti aliandika ripoti ya kurasa kumi kuhusu namna vitabu vile vinavyopaswa kusomwa, ya watazamaji wawili, saa za aina mbili, na wiki ambazo hazijulikani ni za nani. Kabla hajaiwasilisha, mkaza mjomba alimpigia simu. Mjomba anataka asomewe.

Alisoma sebuleni, polepole. Mjomba alisikiliza kaegemeza kidevu kwenye fimbo, mkaza mjomba kasimama mlangoni. Kwenye ukurasa wa nne, penye makosa ya saa, mjomba akanyanyua kidole.

"Andika kwamba kosa hilo ni la aliyenakili. Aliyetazama hakukosea."

Mtafiti akaandika. Mkaza mjomba aliingia akakaa.

Alipomaliza kusoma, mjomba aliuliza swali moja. Hakuuliza habari za jina lake wala za ofisi. "Sasa hiyo miezi mitano ipo au haipo?"

"Sijui, Mjomba."

"Miaka kumi na tisa. Vitabu ishirini na sita. Hujui?"

"Sijui."

Mjomba alipumua kwa nguvu puani. Akasema kwamba hata yeye, katikati ya ile miaka ya jua kuchafuka, alihisi milipuko inakuja kwa mafungu, inajaa, inapwa, na alikuwa akiingoja kama mtu anayengoja mgeni. Mtafiti akakaa sawa. Akamuuliza kama alihisi hivyo kabla ya kwenda hospitali au baada ya kurudi. Mjomba alikunja uso, akafikiri. Hakukumbuka. Mtafiti alibaki ameshika kalamu bila cha kuandika, na alihisi machozi ya hasira yakimchoma, si juu ya mjomba wala juu ya mtu yeyote.

Wiki iliyofuata aliwaandikia wakuu wa vituo vitatu vya nchi nyingine kuomba vitabu vyao vya miaka hiyo. Mwisho wa barua aliongeza maswali mawili ambayo hajawahi kuyaona kwenye barua ya kitaalamu. Nani hasa alikuwa akikaa kwenye darubini, na alikuwa akiona vizuri kiasi gani? Mpaka mwaka unakwisha, kituo kimoja ndicho kilichojibu, na kilijibu swali la kwanza tu.